Arbuni ya fundi wa fremu ni fedha ya nani?



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia ndoa, malezi na mirathi, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kutukuta wiki hii tumesimama kwenye kibanda cha fundi wa fremu. Tunakusudia fremu ya kutia picha, si chumba cha duka ambacho nacho hapa Dar es Salaam huitwa kwa jina hilo hilo. Hata hivyo, ni nyumba chache za Waislamu ambazo ukutani hamna Ayatul Kursiy iliyotiwa kioo, au cheti cha mtoto aliyehitimu, au picha ya babu aliyetangulia mbele ya haki. Vyote hivyo vimepita mikononi mwa fundi, na karibu vyote vilianza kwa mteja kutoa fedha kabla hajaona kitu.

Fedha hiyo ndiyo mazungumzo yetu. Wengine huiita kianzio, wengine advansi, na wazee wetu wa mwambao huiita arbuni, neno ambalo vitabu vya fiqhi vinalo kwa sura hiyo hiyo. Wapo pia wanaotania kwa kuiita kishika uchumba. Na sikio la Mswahili haliko mbali na kulisikia ndani yake neno kurubuni, ambalo ni kumvuta mtu kwa hila. Tukiyatazama mashauri yanayofikishwa mbele ya kamati za misikiti, utani huo una ukweli wake. Watu wawili wanaoswali safu moja huacha kusalimiana kwa sababu ya shilingi elfu sitini, na kila mmoja ana yakini kwamba amedhulumiwa.

Tuanze na fundi, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa zaidi. Anaomba fedha mapema kwa nini?

Sababu ni kwamba anachotengeneza hakina mnunuzi mwingine. Muuza sukari akikimbiwa na mteja, sukari ile ataipima mwingine. Fremu hukatwa kwa kipimo cha kitu kimoja. Tuchukue picha yenye upana wa sentimita 46 na urefu wa sentimita 63. Mzunguko wake ni sentimita 218. Lakini kila pembe hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, na pembe ni nne, kila moja ikiwa na ncha mbili za mbao, na kila ncha hula kiasi cha upana wa mbao yenyewe. Ikiwa mbao ina upana wa sentimita 4, basi mikato minane inaongeza sentimita 32, na jumla inakuwa sentimita 250. Ubao wa futi kumi una kama sentimita 305. Kinachobaki ni kipande cha sentimita 55, ambacho hakitoshi fremu nyingine ila ile ndogo kabisa. Kwa hiyo mteja aliyeagiza fremu moja amekula takriban ubao mzima, na fundi amekwishaununua ubao huo kwa fedha taslimu. Juu yake kuna kioo, hadibodi ya mgongoni, misumari midogo, gundi na waya wa kutundikia.

Mteja asipotoa kitu naye akapotea, hasara yote inamwangukia fundi. Si haki kumtaka mtu wa kipato cha kila siku awakopeshe wateja wake wote mbao na vioo, kisha angoje kuona nani atarudi. Wanaosema fundi mwaminifu haombi fedha kabla ya kazi, tunadhani hawajapata kuendesha karakana.

Sasa tuje kwa mteja. Naye ana haki ya kuuliza: fedha niliyoitoa ni nini hasa? Je, ni sehemu ya bei, amana, dhamana au adhabu iliyolipwa kabla ya kosa? Tatizo la vibanda vyetu vingi ni kwamba fedha hii haina jina. Inaingia mfukoni ikiwa sehemu ya bei, na siku mteja anapoghairi inageuka kuwa faini.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Mauzo ya arbuni, yaani mtu kutoa kitangulizi kwa sharti kwamba akinunua kihesabiwe katika bei na akighairi kibaki kwa muuzaji, yalikatazwa na walio wengi miongoni mwao: Hanafi, Maliki na Shafi'i. Wametegemea hadithi ya makatazo iliyomo katika Muwatta wa Imamu Malik na katika Sunan ya Abu Dawud, na pia hoja kwamba muuzaji anachukua mali ya mwenzake bila ya kumpa kitu badala yake. Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu. Kwake sanadi ya hadithi ile haina nguvu, na alitegemea tukio la Nafi' bin Abdulharith, gavana wa Sayyidna Umar huko Makka, ambaye alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe jela, kwa mapatano kwamba Umar akiridhia mauzo yatimie, na asiporidhia Safwan apate mia nne.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Brunei mwaka 1993 na kupitisha kwamba arbuni inafaa ikiwa muda wa kungoja umewekewa mpaka unaojulikana. Mwaka mmoja kabla, huko Jeddah, baraza hilo hilo lilikuwa limekwishapitisha kwamba mkataba wa kutengenezesha kitu, unaoitwa istisna', unawafunga wote wawili endapo aina ya kitu, sifa zake, kiasi chake na muda wake vimebainishwa, na kwamba bei yaweza kulipwa mafungu mafungu au kucheleweshwa.

Msomaji wa pwani atauliza: sisi tulio wengi ni Mashafi'i, tufanyeje? Swali ni zuri. Katika madhehebu yetu, kitu ambacho hakijatengenezwa huagizwa kwa njia ya salam, na sharti la salam ni kwamba bei yote ikabidhiwe papo hapo kwenye kikao cha mapatano. Hivyo yule fundi anayebandika tangazo la "lipa yote kwanza", ambaye wengi humwona ana tamaa, kwa kipimo cha vitabu vyetu yuko karibu na asili kuliko anayechukua nusu. Mahanafi ndio waliopanua mlango wa istisna'. Imamu Abu Hanifa mwenyewe aliona waagizaji wanaweza kughairi kabla ya kukabidhiwa, mwanafunzi wake Abu Yusuf akaona mkataba umekwishafunga, na Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, ikafuata kauli ya Abu Yusuf. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya fundi: mbao iliyokatwa haiungiki.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoipendelea. Mteja anunue mbao na kioo vilivyopo dukani, avilipie bei yake na apewe risiti ya vitu hivyo. Kisha, kwa mapatano ya pili, amwajiri fundi avitengeneze kwa ujira unaojulikana, utakaolipwa kazi ikikamilika. Fedha ya mwanzo sasa ina jina: ni bei ya mbao. Mteja akighairi, mbao ni zake, zikiwa nzima au zikiwa zimekatwa, na anadaiwa ujira wa kazi iliyokwishafanyika tu. Fundi hana hasara, na mteja hana faini. Hakuna madhehebu yenye tatizo na mtu kununua ubao unaoonekana, wala na kumwajiri fundi kwa kazi iliyo bayana.

Tutoe mfano wa shauri lililoletwa mbele yetu, bila ya kutaja jina la mtu wala mtaa. Familia moja iliagiza fremu sita za maandishi ya majina ya bibi na bwana harusi pamoja na dua, zipambe ukumbi na kisha zigawiwe wazazi wa pande mbili. Bei ilikuwa shilingi 40,000 kila moja, jumla 240,000, na nusu yake, 120,000, ikatolewa siku ya kuagiza. Siku tisa baadaye posa ikavunjika. Mama wa binti akaenda mwenyewe kibandani.

"Shikamoo mama," fundi akamwambia, "pole kwa yaliyotokea. Lakini kianzio hakirudi, na tangazo lile pale."

Tangazo lilikuwapo kweli, limebandikwa nyuma ya mlango unaokaa wazi mchana kutwa. Aliyekwenda kuagiza alikuwa kijana wa nyumbani, naye hakuelezwa lolote.

Mama yule hakuwa na mashaka juu ya shida ya fundi. Alichosema mbele yetu ni hiki: "Wanangu, mimi nimekwisharudisha mahari ya watu na vitu vyao vyote, hakuna aliyeniambia kirudi au kisirudi. Hii elfu mia na ishirini ni ya upatu. Zamu ya mwenzangu ni mwisho wa mwezi." Maneno hayo yalibadilisha kikao. Fedha ya upatu si ya mtu mmoja, na aliyeichelewesha hafedheheki peke yake.

Tulimwomba fundi atuonyeshe kazi. Fremu nne zilikuwa zimekatwa na kuungwa, mbili hazijaguswa. Kioo kilikuwa bado ni bamba zima, na maandishi yalikuwa hayajachapwa, jambo ambalo lilituondolea uzito mkubwa. Mbao za fremu nne zilimgharimu 60,000, na kazi aliyokwishaifanya akaikadiria 20,000, na mama hakupinga. Basi fundi ametumia 80,000. Je, hiyo yote ni hasara? Hapo ndipo mafundi wengi, na wapatanishi wengi pia, husimama na kutoa hukumu. Fremu ya sentimita 46 kwa 63 haina mnunuzi, lakini huweza kufunguliwa na kukatwa upya iwe ya karatasi ya A3, yenye sentimita 29.7 kwa 42, kipimo ambacho wenye vyeti na picha za mahafali hukiulizia kila wiki. Fundi mwenyewe, alipoulizwa na fundi mwenziwe tuliyemwalika, alikubali kwamba kila moja ingemrudishia kama 9,000, yaani 36,000 kwa zote nne. Hasara halisi ikabaki 44,000. Kwa hesabu hiyo, mama alistahiki kurudishiwa 76,000.

Fundi hakuipinga hesabu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema fedha hana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na wala si kwa fundi huyu peke yake. Kianzio cha mama yule kilikuwa kimenunua mbao za mteja mwingine aliyeagiza mwezi uliopita, ambaye naye kianzio chake kilikuwa kimelipa kodi ya kibanda. Kila mteja mpya alikuwa anamlipia mteja wa zamani. Mwendo huu unakwenda vizuri maadamu watu wanaingia, na wiki ambayo hakuna anayeingia, kazi zote husimama pamoja, ndipo tunaposikia "njoo kesho" isiyokwisha. Tunawasihi vijana wetu walio katika ufundi, wa fremu, wa makochi, wa nguo na wa milango ya chuma, waliangalie hili kabla ya jambo lingine lolote. Fedha ya mbao za fulani inunue mbao za fulani, siku ile ile ikiwezekana, na mbao ziandikwe jina lake kwa kalamu. Kodi ya kibanda itoke katika ujira wa kazi iliyokamilika. Mwenye mtaji mdogo na achukue kazi chache.

Mapatano yaliyofikiwa ni kwamba fundi atoe 30,000 palepale, na 46,000 iliyobaki ailipe kwa Ijumaa mbili, nusu kwa nusu, baada ya swala. Alilipa. Tulimshukuru mbele ya watu, kwa kuwa aliyelipa deni lake anastahiki kutajwa kwa kheri kama vile asiyelipa anavyotajwa kwa shari.

Wapo waliotuuliza kama tangazo lile la ukutani halikutosha. Tuseme wazi maoni yetu: tangazo ambalo mteja hakulisoma wala hakuambiwa si mapatano. Na hata likisomwa, maneno "hakirudi" bila ya kusema kiasi gani, kwa sababu gani na hadi lini, hayana ule mpaka wa muda ambao hata walioruhusu arbuni wameushurutisha. Sheria ya nchi nayo iko karibu na fikra hiyo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema kwamba pale mkataba unapovunjwa na ndani yake kuna kiasi kilichotajwa cha kulipwa, aliyevunjiwa hupata fidia ya kiasi kinachostahiki isiyozidi kile kilichotajwa. Kiasi kilichotajwa ni dari tu.

Tusiwaache wateja nao wapite bila ya kuguswa. Nenda kibanda chochote cha fremu utazame juu ya kabati. Utaona picha za mahafali za watu ambao sasa wana watoto, na ramani ya kiwanja iliyotiwa kioo ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Hawa walitoa kianzio kidogo, wakaona kimewatosha kuwa ni ahadi, wakaenda zao. Fundi hawezi kuiuza picha ya baba wa mtu, na hata mbao yake hawezi kuifungua kwa moyo mweupe. Anailinda kwa panya na unyevu, bila ya ujira, katika chumba anachokilipia kodi. Aliye na kitu chake kwa fundi akijua hawezi kukilipia, na aende akaseme. Fundi aliyeambiwa ukweli hufanya mpango, hubadilisha mbao ikawa ya bei nafuu au humpa mwenyewe picha yake na kubaki na fremu.

Kuhusu kulipa yote kabla, tumeona faida yake kwa mtazamo wa salam. Lakini salam ina masharti yake, na anayetaka kuchukua bei yote lazima ataje aina ya mbao, rangi, upana, kioo cha kawaida au kisichong'aa, na tarehe ya kukabidhi. Fundi anayetaka bei yote lakini anataja tarehe kwa kusema "wiki ijayo ijayo hivi" amechukua upande mmoja wa mkataba na kuuacha mwingine. Kwa wateja tunashauri hivi: kwa fremu moja ya cheti, lipa yote upewe risiti, maana kiasi ni kidogo na usumbufu wa nusu nusu haufai. Kwa kazi ya fremu nyingi au kubwa, lipia mbao na kioo, na ujira ubaki mpaka siku ya kupokea.

Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni si ghali. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, inahusu kuandikiana deni, likiwa dogo au kubwa, hadi muda wake. Kwa fundi wa fremu mistari michache yatosha. Baadhi ya mafundi wa jirani zetu wameanza kuandika namna hii, nasi tumewaomba ruhusa ya kuinakili kwa faida ya wengine:

"Nimepokea 90,000 kutoka kwa Bi Fulani. Ni bei ya mbao sita za kahawia, upana sentimita 4, na bamba moja la kioo. Mbao na kioo ni mali yake. Ujira wa kuunga ni 10,000 kwa kila fremu, hulipwa siku ya kuchukua. Zitakuwa tayari tarehe 14. Akighairi kabla sijakata, anachukua vitu vyake na hatudaiani. Nikikata, ananilipa ujira wa zilizokatwa. Nikichelewa zaidi ya siku saba bila ya udhuru, ana hiari ya kuchukua vitu vyake na kwenda kwa fundi mwingine. Asipokuja kwa siku sitini nitampigia simu yeye na ndugu yake aliyetajwa hapa chini."

Chini yake kuna nafasi ya sahihi mbili na namba mbili za simu. Nafasi ya ndugu ndiyo wateja wengi huiruka, nasi tunawaomba wasiiruke.